Mafuta ya asili na kondishena: venye utalainisha nywele kavu ukiwa hapa Nairobi

Kama nywele yako inakaa kavu ata baada ya kupaka mafuta kila asubuhi, usikimbilie kulaumu mafuta, angalia kwanza venye unayapaka. Mafuta hayana maji ndani yake ata tone, kwa hivyo ukiyapaka juu ya nywele kavu unabaki na nywele kavu inayong'aa, kufika saa nane mchana imeshakuwa ngumu tena, unaongeza mengine, jioni foronya yote ni mafuta na kitana bado kinatoka na vipande vya nywele. Unyevu unatoka kwa maji. Kondishena inafanya unywele ulainike na uteleze, halafu mafuta yanakuja mwisho kabisa kuzuia yale maji yasitoke mbio. Ukifuata huo mpango mafuta kidogo tu yatakutosha, na chupa ya bei ya chini iliyopakwa vizuri itakufanyia kazi kuliko ya bei kali iliyopakwa ovyo.

Naanza na maelezo kidogo kabla ya hatua zenyewe, na naomba usiyaruke, juu ukielewa kinachoendelea hautasumbuliwa tena na kila muuzaji wa Dubois Road anayekuambia chupa yake ndio mwisho wa mambo yote.

Kwa nini nywele yetu inakauka haraka

Unywele mmoja ukiutazama kwa darubini, nje umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama mabati ya paa. Yakilala vizuri unywele unateleza na maji hayatoki haraka. Yakiinuka, kwa sababu ya moto wa bloudraya, relaksa, rangi ama kuchana kwa hasira, unywele unashikana na mwenzake, unapoteza maji, unakatika. Na nywele ya kujikunja iko na shida yake ingine: mafuta yanayotoka kwa ngozi ya kichwa hayashuki vizuri mpaka kwa ncha, kila kona inayazuia, ndio maana unaeza kuwa na mizizi yenye mafuta na ncha kavu kabisa, kwa kichwa hicho hicho kimoja.

Kondishena imetengenezwa na viambato vyenye chaji chanya. Unywele uliolowa uko na chaji hasi, na pale umeharibika hiyo chaji hasi inakuwa zaidi, kwa hivyo kondishena inajishikilia penye shida iko na ata ukisuuza haitoki yote. Pia kwa chupa utaona majina kama cetyl alcohol ama cetearyl alcohol. Wengi wakiona hilo neno alkoholi wanarudisha chupa kwa shelfu, lakini hizo ni alkoholi za mafuta, ziko pale kulainisha, haziihusu spiriti ya kusafisha vidonda kabisa.

Mafuta sasa, mengine yanaingia ndani ya unywele na mengine yanakaa juu tu. Hiyo tofauti ndio inafaa ikuamulie utumie gani na wakati gani.

Mafuta gani uchukue

Ya nazi naweka mbele ya yote kwa kazi ya kabla ya kuosha. Asidi ya lauriki iliyojaa ndani yake iko na molekuli ndogo iliyonyooka, inapenya ndani ya unywele, na utafiti wa maabara umeonyesha inapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kitu ambayo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakufanya. Kama uko na mtu Kilifi ama Kwale mwambie akutengenezee ya nyumbani: nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa zito, linawekwa kwa moto mdogo na kukorogwa, maji yanaisha polepole, makapi yanageuka kahawia chini ya sufuria na mafuta safi yanabaki juu, unachuja kwa kitambaa. Nyumba yote inanukia. Hayo ukiyaleta Nairobi mwezi wa saba utakuta chupa imeganda nyeupe asubuhi, usiogope na usiyarudishe, mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi na hapa kwetu baridi ya Julai inafika huko bila shida yoyote. Yaweke kwa chupa yenye mdomo mpana ili uchote na kidole, yatayeyuka kwa viganja. Na hiyo inaeza kukupa dalili kama umeuziwa mchanganyiko: weka kidogo kwa friji, ya nazi tupu yataganda tu, isipokuwa kama ni yale yaliyotengenezwa maalum yasigande, na hayo huwa yameandikwa hivyo kwa lebo.

Ya avokado ni mazito kiasi na yanafaa nywele nene iliyokauka sana. Avokado zimejaa Murang'a na siku hizi mafuta yake yanakamuliwa hapa hapa Kenya, kwa hivyo sioni haja ya kulipia ya kutoka mbali. Ya makadamia pia ni yetu, Kenya ni kati ya nchi zinazotoa makadamia nyingi zaidi duniani, na mafuta yake ni mepesi, mazuri sana kwa mtu mwenye nywele laini inayolala chini ukiipaka kitu kizito. Zeituni unayo pengine jikoni tayari, yale ya kula yanafaa, tumia hayo hayo. Simsim utapata Eastleigh bila kutafuta sana, harufu yake iko juu kidogo, wengine wanaipenda.

Jojoba ni nta ya maji maji, inakaribiana na mafuta yanayotoka kwa ngozi yetu na haichachi haraka. Argan inatoka Moroko, ni ya bei, na chupa nyingi zilizoandikwa argan kwa herufi kubwa mbele ukisoma nyuma utakuta silikoni ndio ya kwanza na argan ya mwisho mwisho karibu na manukato. Silikoni si sumu, inalainisha vizuri tu, ila kama umelipia argan ni haki yako upate argan. Soma nyuma ya chupa kila wakati, viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi, na uangalie pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iko.

Nyonyo, ama mbarika. Hapa watu watanikasirikia. Ni mafuta mazito kuliko yote niliyotaja, yanafunga unyevu kwa ncha vizuri sana, lakini ile habari ya kwamba yanaotesha nywele haina ushahidi wa kutosha na inaumiza roho kuona dada amejaza kichwa chote mafuta mazito kila siku akingoja kingo za mbele zirudi. Yatumie kwa ncha, kidogo, na uyachanganye na mafuta mepesi, nusu kwa nusu, la sivyo nywele itashikana na utalia ukichana.

Siagi ya shea nayo, ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na inayeyuka haraka mkononi, nzuri kwa matuta na kusokota usiku.

Huhitaji yote. Chukua mafuta mawili, moja ya kabla ya kuosha na moja ya kufunga, basi.

Hatua ya 1: Jua nywele yako inakunywa maji ama inayakataa

Kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwa glasi ya maji uone kama utazama achana nacho, unywele ukiwa na mafuta kidogo tu unaelea na haikuambii chochote. Fanya hivi: siku nywele iko safi na haina kitu, puliza maji halafu uangalie. Matone yakikaa juu yakiteleza na nywele inachukua muda mrefu kulowa na muda mrefu kukauka, basi magamba yako yamefunga, wewe unahitaji joto kidogo wakati wa kondishena na mafuta mepesi. Maji yakiingia mara moja na baada ya muda mfupi nywele imekauka tena, magamba yako wazi, hasa kama umeweka rangi ama relaksa, wewe unaeza kubeba kondishena nzito na mafuta mazito. Wengi tuko katikati ama tuko na ncha za aina moja na mizizi ya aina ingine.

Hatua ya 2: Angalia maji ya kwako

Hii hakuna mtu anaisema na kwa Nairobi ni kubwa. Maji ya kaunti mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a na ni maji laini, sabuni inatoa povu mara moja. Lakini ukiwa Kitengela, Rongai, Syokimau ama kwa ploti nyingi tu za ndani ya mji zinazotegemea kisima cha kuchimba, maji mara nyingi ni magumu, ya chumvi, na madini yake yanabaki kwa unywele kama utando. Dalili ziko wazi, sufuria ya chai inaweka ukoko mweupe, shampuu haitoi povu, na nywele ikikauka inakuwa na ukakasi ukiishika ata kama kondishena ulitumia nyingi. Unaanza kufikiri kondishena ni mbaya kumbe ni maji.

Dawa yake si ngumu. Suuza ya mwisho fanya na maji ya mvua uliyokinga, ama lita mbili tatu za yale maji ya kunywa ya mtungi, si lazima uoshee kichwa chote nayo. Mara moja kwa mwezi tafuta shampuu ya kuondoa madini, kwa viambato itakuwa na EDTA. Hiyo ikikosa, siki ya tufaha kijiko kimoja cha mezani ndani ya vikombe viwili vya maji, mwagia, kaa dakika moja, suuza. Usiiweke bila maji na usiiweke kwa kichwa chenye vidonda.

Hatua ya 3: Mafuta kabla ya kuosha

Jioni ya kuamkia siku ya kuosha, ama nusu saa kabla kama umechelewa, gawa nywele mafungu manne, puliza maji kidogo sana na upake mafuta ya nazi kuanzia katikati mpaka kwa ncha. Kwa afro ya kawaida kijiko kimoja cha mezani kinatosha kichwa chote, nywele ndefu iliyojaa vijiko viwili. Unywele ukilowa unafura na ukikauka unasinyaa, mafuta yaliyoingia ndani yanapunguza huko kufura na shampuu haitaivua kila kitu. Hii ni hatua ambayo nikilazimishwa kuchagua moja tu nitabaki nayo, haswa kwa mtu mwenye nywele inayokatika.

Mafuta yakiwa yameganda weka chupa ndani ya kikombe cha maji ya moto dakika chache. Usiyaweke juu ya jiko moja kwa moja, yanapata moto kuliko unavyofikiria na ngozi ya kichwa inaungua haraka.

Hatua ya 4: Osha

Shampuu ni ya ngozi ya kichwa. Iweke kwa mizizi, sugua na ncha za vidole bila kucha, povu likiteremka na maji litaosha hizo nywele zingine lenyewe. Kama kichwa kimejaa jeli na mafuta ya wiki mbili rudia mara ya pili. Maji yawe vuguvugu, hiyo shawa ya umeme ikiwa kwa alama ya juu kabisa mwezi wa saba najua inaita, lakini ngozi ya kichwa na nywele hazishukuru.

Kamua maji na viganja. Usisugue na taulo.

Hatua ya 5: Changanya kondishena na mafuta

Chukua bakuli. Kwa afro ya kawaida weka vijiko vitatu vya mezani vya kondishena na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Nywele ndefu ama nene sana, vijiko sita kwa viwili vya chai. Mwenye nywele laini, ama yule ambaye maji yanakataa kuingia, anza na nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka mafuta yapotee ndani na mchanganyiko ubaki krimu, ukiona macho ya mafuta yanaelea juu umeweka mengi, ongeza kondishena.

Kitu ya muhimu, changanya ya siku hiyo tu. Usimwage mafuta ndani ya chupa nzima ya kondishena. Chupa imepimwa, ina kihifadhi kinachotosha kile kilichomo na imekorogwa kiwandani ikashikana, ukiongeza vitu vyako unaivuruga, na ukiongeza maji, aloe fresh ama avokado ya kupondwa ndio kabisa, bakteria na ukungu watapata makao. Na kwa hiyo avokado ya kupondwa naomba tuiache kwa chakula, vipande vinaingia kwa mikunjo ya nywele na kuvitoa ni kazi ya jioni nzima, na tayari mafuta yake yako kwa chupa.

Ukitaka kuongeza mafuta ya harufu kali kama rosemari, mti-chai ama peremende, hayo ni matone, si vijiko. Matone mawili matatu kwa bakuli lote, hayapakwi hivi hivi kwa ngozi, na kabla ya siku ya kwanza jaribu mchanganyiko kidogo ndani ya kiwiko usubiri siku moja mpaka mbili uone kama utawashwa. Mwenye mimba amuulize daktari kwanza, na kwa watoto wadogo achana nayo.

Hatua ya 6: Paka ukichana

Nywele iwe imelowa, si kudondosha maji, imelowa tu. Chukua fungu moja, yale matatu mengine yafunge. Teka mchanganyiko kwa viganja, sugua viganja pamoja, pitisha kutoka katikati kushuka kwa ncha halafu ndio unapanda juu, ukiacha ngozi ya kichwa. Hapa ndio pa kutoa mafundo, vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana kuanzia kwa ncha ukipanda kidogo kidogo. Ukifika penye fundo limekataa usivute, ongeza kondishena tone na maji tone, lishike juu yake na mkono mwingine ili mzizi usisikie, lifungue polepole kutoka chini. Utasikia na vidole wakati nywele imekubali, inaacha kukwaruza na inaanza kuteleza kabisa na mikunjo inajipanga yenyewe. Sokota hilo fungu, libane, nenda kwa lingine.

Kuchana nywele yetu ikiwa kavu bila kitu ndio kunatumalizia nywele, kuliko jua, kuliko vumbi la Jogoo Road. Nimeona saloni wakianza kuchana mteja kabla ya kuloweka na machozi yanamtoka, mtu mzima, na anaambiwa avumilie. Usivumilie. Mwambie fundi aweke maji na kondishena kwanza, kwa heshima lakini mwambie, kichwa ni chako.

Hatua ya 7: Funika, subiri

Vaa kofia ya plastiki ya shawa. Zamani tulikuwa tunafunga na karatasi ya plastiki ya supamaketi lakini tangu zipigwe marufuku 2017 ni afadhali ununue hizo kofia, ziko kila duka la vipodozi na unaziosha unazitumia tena. Juu yake funga taulo uliyoichovya maji ya moto ukaikamua, hiyo joto inasaidia sana mwenye nywele inayokataa maji. Dakika 15 mpaka 30 zinatosha. Kulala nayo usiku kucha hakuongezi chochote cha maana, kondishena ikishashikilia imeshikilia, na mto unalowa bure.

Hatua ya 8: Suuza, lakini si mpaka ikwaruze

Maji vuguvugu kwenda kwa baridi. Suuza mpaka ule utelezi mwingi uishe ila unywele bado unahisi laini. Ukisuuza mpaka unasikia nywele inalia kwa vidole umeondoa kila kitu. Kamua, halafu tumia tisheti kuukuu ya pamba badala ya taulo, iweke juu ya kichwa ubonyeze, nyuzi za taulo zinainua yale magamba.

Hatua ya 9: Kondishena ya kuacha kichwani, halafu mafuta

Nywele ikiwa bado imelowa, na hapa namaanisha imelowa kweli kweli, paka kondishena ya kuacha kichwani, ile nyepesi, kiasi cha njugu mbili kwa kila fungu. Kama huna ya kuacha angalia kama ile ya kusuuza uliyonayo ni nyepesi, wengine wanaacha kidogo sana na haiwaletei shida, ila ikikuwasha ama ikiacha unga mweupe, suuza.

Sasa mafuta. Weka matone matatu manne kwa kiganja kwa kila fungu, sugua viganja mpaka ving'ae tu, halafu bonyeza nywele katikati ya viganja ukishuka kwa ncha. Ncha ndio nywele ya zamani kuliko yote kichwani na ndio imechapwa zaidi, zipe za ziada. Ukimaliza fungu lisokote ama lisuke matuta mawili matatu, likauke hivyo. Mpangilio ni huo, maji, kondishena, mafuta. Wengine wanaweka mafuta katikati na krimu juu, kwa mwenye nywele iliyo wazi sana inaeza kufanya kazi, jaribu zote mbili uchague, lakini maji hayabadilishi nafasi, ni ya kwanza kila siku.

Katikati ya wiki

Usiongeze mafuta kila asubuhi. Chukua chupa ya kupuliza ya mililita 200, weka maji na kijiko kimoja cha chai cha kondishena, tikisa, puliza ukungu tu kwa sehemu zilizokauka, na kama ncha zinadai weka tone moja la mafuta. Hiyo chupa iweke kwa friji na ubadilishe maji kila baada ya siku tatu hivi. Januari na Februari jua likiwa kali na hewa kavu utapuliza mara nyingi zaidi, Aprili ya mvua kidogo sana.

Usiku funga skafu ya satini ama lala na foronya ya satini. Pamba inakunywa mafuta yako na kukwaruza nywele ukigeuka. Gikomba ukiwa na subira utapata vipande vya satini vya kushona foronya mbili kwa pesa kidogo. Na kwa wale wa boda kila siku, zile helmeti za abiria ndani ni sponji iliyokauka na imebeba jasho la kila mtu, vaa kofia ya satini chini yake, inakusaidia kwa nywele na pia kwa mambo ya usafi. Wa matatu na wewe, ule upepo wa dirisha kutoka Thika Road mpaka tao unakausha, ufunge kichwa.

Mwenye braidi za Kenyatta Market asifikiri nywele ya ndani iko likizo. Puliza ile chupa kwa urefu wa braidi mara mbili tatu kwa wiki, mafuta mepesi kidogo, na osha ngozi ya kichwa na shampuu uliyoiyeyusha kwa maji. Usipake kondishena nzito kwa mizizi ya braidi, haitoki, inakuwa uchafu mweupe pale chini na wakati wa kufumua ndio fundo haziishi. Kwa dredi vile vile, mepesi tu, suuza sana, na zikauke kabisa kabla ya kulala.

Mba, kingo na watoto

Ukiwa na mba yenye mafuta mafuta na kuwashwa, usiipake mafuta ya zeituni ukidhani ni ukavu. Mba ya namna hiyo inahusiana na hamira ndogo inayoishi kwa ngozi na inayokula mafuta, kwa hivyo unailisha. Tafuta shampuu yenye ketokonazo ama zinki pirithioni, ngoja dakika kadhaa kabla ya kusuuza, na mafuta yabaki kwa nywele, mbali na ngozi.

Kingo za mbele zikianza kurudi nyuma kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa, hakuna mafuta yatakayozirudisha ukiendelea kukazwa. Ukitoka saloni na huwezi kulala kwa uchungu ama unaona vipele vidogo kwa mstari wa mbele, fumua hizo za mbele siku hiyo hiyo, ata kama umelipa. Inaniuma kuona wasichana wa miaka kumi na kitu tayari wako na paji limepanda, na mapema inaeza kurekebishika lakini ikikaa miaka mizizi inakufa.

Watoto wa shule, wale wa matuta ya Jumapili jioni, wanahitaji hatua tano tu: loweka na maji, kondishena kidogo iliyochanganywa na matone ya mafuta ya nazi, chana kutoka kwa ncha mtoto akiwa amekaa chini katikati ya magoti yako na ameshika kitu cha kumfurahisha, suuza, suka bila kuvuta. Ukikuta mabaka ya mviringo yasiyo na nywele na magamba juu yake, hayo ni mashilingi na mafuta hayatibu, mpeleke kliniki juu dawa yake huwa ni ya kumeza, na kitana chake kisitumiwe na wenzake.

Wazee na vijana wa afro na ndevu, haya yote ni yenu pia, kiasi tu ndio kinapungua, kwa ndevu kondishena kijiko cha chai na mafuta tone mbili.

Ukiona baada ya wiki kadhaa nywele imekuwa nzito, inalala, haishiki maji na ukiishika inaacha mafuta kwa vidole, umezidisha. Osha na shampuu inayotoa povu vizuri mara mbili, rudia kondishena bila mafuta kabisa kwa mara hiyo, halafu uanze tena na nusu ya kipimo ulichokuwa unatumia.

Mafuta yenyewe yaweke kwa kabati yenye giza mbali na jiko, chupa ndogo inayoisha kwa miezi michache ni bora kuliko ya lita moja, na yakianza kunuka uchachu ukifungua kifuniko, usiyapake.